MTOTO ANAYEFICHA KITABU
Somo la kujadiliwa na vikundi: watoto wetu na kusoma Kiingereza



Safari hii tunaomba mketi pamoja mzungumze juu ya jambo lililo katika kila boma lenye mtoto wa shule. Wazazi wengi wanatuambia, "Huyu mtoto wangu ni mvivu. Kitabu cha Kiingereza hataki hata kukiona." Sisi tunauliza: je, hataki, ama anaogopa? Dawa ya uvivu na dawa ya woga si moja. Ukimpa mwenye woga dawa ya uvivu, unamzidishia ugonjwa.

Somo hili ni la mkutano mmoja. Hata kama hujui kusoma, usikae nyuma. Mtaona kwamba msaada mkubwa hapa hauhitaji mtu awe ameenda shule.

1. MCHEZO MFUPI

(Watu wanne wauigize. Wengine watazame bila kusema neno.)

BABA: Wewe, lete kitabu cha Kiingereza tukusikie. Pesa za shule tunatoa kila siku, na hatujui zinaenda wapi.

MTOTO: (Anasimama. Anasoma ukurasa mzima mbio mbio, bila kutua.)

BABA: Mmesikia? Anasoma kama maji!

NYANYA: Vizuri, mjukuu wangu. Sasa niambie, hicho kitabu kinasema nini?

MTOTO: (Kimya. Anaangalia chini.) Sijui, nyanya.

BABA: Hujui? Na umesoma saa hii hii?

DADA: (Anacheka sana.) Ati anasoma asichojua!

(Kesho yake jioni kitabu hakionekani. Mama anakikuta ghalani, chini ya gunia la mahindi.)

Baada ya mchezo, mwelekezaji aulize:
a) Mmeona nini?
b) Kwa nini mtoto alificha kitabu?
c) Ni nani katika mchezo huu aliyemsaidia mtoto? Ni nani aliyemwumiza bila kukusudia?
d) Je, jambo hili liko kwetu?

Msiharakishe. Acheni hata wale wasiozoea kusema waseme.

2. WOGA HUU UNATOKA WAPI?

Tukizungumza na watoto bila mwalimu wala mzazi karibu, wanasema mambo mawili kwa pamoja. Wanakitaka Kiingereza, kwa sababu wanaona ndicho chenye kazi na heshima. Tena wanakiogopa. Ni kama mtu anayetaka samaki na hajui kuogelea. Sababu tunazosikia ni tatu.

Ya kwanza ni aibu. Hii ni ya zamani. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotoka 1986, jinsi mambo yalivyokuwa shuleni kwao miaka ya 1950. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kikuyu alipigwa viboko, ama akavalishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdharau. Kitufe kilipitishwa mkono kwa mkono ili wakosaji wajulikane jioni. Desturi kama hiyo iliendelea katika shule nyingi baada ya Uhuru, na wengi wetu tulioketi hapa tunaikumbuka. Mtoto aliyefundishwa kwa aibu hujifunza kunyamaza.

Ya pili ni kusoma bila kuelewa. Kusoma si kutoa sauti tu. Mtoto wa mjini huenda akasikia Kiingereza nyumbani na kwenye televisheni. Mtoto wetu anakisikia darasani, halafu anarudi kuchunga mbuzi na kuteka maji kwa lugha ya nyumbani. Anaposoma neno ambalo hajawahi kulisikia, hata akilitamka sawasawa, halina picha kichwani mwake.

Tena Kiingereza chenyewe kina mitego. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa: "a" ni "a" popote utakapoikuta. Lakini maneno but na put yanatofautiana herufi ya kwanza peke yake, na bado hayasomwi kwa sauti moja. Mtoto akikosea hapo si mjinga. Amefuata kanuni aliyofundishwa.

Ya tatu ni kwamba kitabu kimekuwa cha mtihani tu. Mtoto hajaona kitabu cha hadithi kinachomfanya acheke ama aulize, "Halafu ikawaje?" Ni nani anayependa kitu ambacho kila kikitokea kinamletea maswali na kiboko?

3. LUGHA YA NYUMBANI SI ADUI

Wazazi wengine husema, "Mtoto asisome lugha yetu, itamchelewesha." Tunaielewa hofu yao, lakini sivyo. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Akishajua kwamba alama zilizo kwenye karatasi zinabeba maana, ujuzi huo anauhamisha kwenye lugha nyingine. Ni rahisi kuujua katika lugha anayoielewa.

Hata mpango wa serikali uko hivyo. Kamati ya Gachathi ilipendekeza 1976 kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo. Mtaala ulioanza 2019 umefuata njia hiyo hiyo: Kiingereza ndicho cha kufundishia kuanzia gredi ya 4. Lakini shule nyingi hukimbilia Kiingereza toka siku ya kwanza, na mara nyingi ni sisi wazazi tunaodai hivyo.

Hatusemi Kiingereza kiachwe. Sekondari inakitaka, kazi nyingi zinakitaka. Tunasema mtoto ajengewe daraja kabla ya kuambiwa avuke.

Tunamjua mama mmoja, mweka hazina wa kikundi. Husoma kitabu cha nyimbo kwa lugha yake bila kukwama, na daftari la akiba analiweka safi. Lakini tulipomwomba asome barua mbele ya wenzake alisema, "Mimi sikusoma." Aliacha shule darasa la tano, kwa sababu ya kuchekwa katika Kiingereza. Mpaka leo hajihesabu kuwa ni mtu anayejua kusoma. Hivyo ndivyo aibu inavyoweza kumwibia mtu kitu alicho nacho mkononi.

4. TUNAWEZA KUFANYA NINI?

- Dakika kumi kila jioni. Mtoto amsomee mtu mmoja, lugha yoyote. Msikilizaji aulize kama yule nyanya, "Kinasema nini?" Mtoto ajibu kwa lugha ya nyumbani. Hata asiyejua herufi moja anaweza kazi hii.

- Marufuku kucheka. Mtoto akikwama, ngoja kidogo ajaribu mwenyewe. Akisema "sijui", mwambie kuuliza si ujinga, kesho amwulize mwalimu, kisha aje akuambie.

- Sanduku la vitabu. Kikundi kitoe pesa kidogo kidogo, kinunue vitabu vyembamba vya hadithi, vyenye picha, vya Kiswahili, vya lugha yenu na vya Kiingereza. Anzeni na vilivyo rahisi kuliko darasa la mtoto. Sanduku la bati huzuia panya na mvua. Mtu mmoja aandike nani amechukua na lini amerudisha.

- Kitabu chenu wenyewe. Mzee asimulie hadithi fupi. Mwanafunzi mkubwa aiandike kwa lugha ya nyumbani, halafu aombe mwalimu amsaidie kuiandika kwa Kiingereza ukurasa wa pili. Mtoto akisoma Kiingereza cha hadithi anayoijua tayari, maneno yanapata picha.

- Kuonana na mwalimu. Nendeni kwa upole, si kulaumu. Ana watoto wengi na vitabu vichache. Mwulizeni anahitaji nini. Na kama bado kuna desturi ya kuaibisha watoto kwa sababu ya lugha, ombeni pamoja iachwe.

5. KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja amsikilize mtoto mmoja kwa jioni tano, awe wake ama wa jirani. Mkikutana tena semeni: alisoma nini? Alielewa nini? Je, jioni ya tano alisoma kama alivyosoma jioni ya kwanza?

Na yule mweka hazina? Siku hizi mjukuu wake humsomea kila jioni, naye huuliza, "Kinasema nini?" Juzi mtoto alimgeuzia kitabu akamwambia, "Sasa ni zamu yako, nyanya."