KUIAMSHA MASHINE KUUKUU YA KUCHIMBA UDONGO

Mara nyingi huonekana, nyuma ya karakana au pembeni mwa machimbo ya kokoto, mashine kuukuu ya kuchimba udongo iliyoachwa miaka mingi. Majani yameota mpaka kwenye usukani, matairi yamezama ardhini, na rangi imeliwa na kutu. Wapitao husema kwamba imekufa, na mwenye mali hufikiri kuiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Lakini huenda haikufa, bali imelala tu. Ajuaye kuiamsha kwa taratibu hupata tena chombo cha kuchimbia bwawa, mtaro au msingi wa nyumba. Asiyejua huweza kuivunja kwa dakika moja, au kuuawa nayo.

Mashine zenye ndoo ya kupakilia mbele na mkono wa kuchimbia nyuma zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Uingereza, Joseph Cyril Bamford, aliyeanza kazi mwaka wa 1945 katika gereji ndogo mjini Uttoxeter, alitoa mashine yake ya kwanza ya namna hii mwaka wa 1953, nayo iliundwa juu ya trekta la Fordson Major. Mwaka wa 1963 ikafuata ile iitwayo JCB 3C. Mashine hizo za zamani zina chuma kizito na ufundi usiofichika. Kwa hiyo fundi mwenye spana na subira aweza kuzitengeneza hata leo.

Kutazama kabla ya kugusa

Kazi ya kwanza si kuwasha, bali ni kutazama. Nyuki, nyigu na nyoka hupenda kukaa mahali pasipoguswa, na panya hutafuna nyaya za umeme. Magurudumu yazuiwe kwa magogo. Ikiwa ndoo au mkono umeachwa juu, mtu awaye yote asipite chini yake, maana kinachouzuia usianguke ni mafuta yaliyofungwa katika mipira iliyooza. Yapasa kwanza kuukingia kwa magogo imara.

Kisha ichunguzwe oili ya injini. Mvua huingia kwa bomba la moshi lisilofunikwa, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, hutulia chini. Basi nati ya chini ilegezwe polepole; yakitoka maji kwanza, au oili nyeupe kama maziwa, oili yote imwagwe na chujio libadilishwe. Mafuta ya haidroliki, yaani yale yanayosukumwa na pampu ili kuinua mkono, nayo yachunguzwe vivyo hivyo, maana pampu yake huanza kuzunguka pamoja na injini.

Kuizungusha kwa mkono

Dizeli ikiwa imefungwa na gia haikuingizwa, injini izungushwe kwa spana ndefu iliyotiwa kwenye nati ya mbele ya krenki. Izungushwe mara mbili kamili, kwa sababu katika injini ya namna hii kila pistoni humaliza kazi zake nne kwa mizunguko miwili. Hapo ndipo itakapojulikana kama valvu yo yote imekwama.

Ikikataa, isilazimishwe. Nozeli zifunguliwe, oili nyepesi imiminwe katika kila silinda, nayo iachwe siku kadhaa. Baadaye ijaribiwe kidogo mbele, kidogo nyuma. Wengine huifunga mashine kwa mnyororo na kuivuta kwa trekta jingine. Kwa njia hiyo pistoni iliyoshikwa na kutu huweza kuvunjika, na mkono wake ukapinda. Siku tatu za kungoja ni nafuu kuliko injini mpya.

Dizeli safi, isiyo na upepo

Dizeli ya zamani huwa na maji na utando wa utelezi unaoziba chujio. Tangi lisafishwe, machujio yawe mapya, na mirija ipulizwe. Kisha upepo utolewe: parafujo iliyo juu ya chujio ilegezwe, na pampu ndogo ya mkono isukumwe mpaka dizeli itoke bila mapovu, vivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho kwenye nati za nozeli wakati stata inapozungusha injini. Sababu yake ni hii: dizeli haibanwi kwa urahisi, lakini hewa hubanwa. Penye mapovu, nguvu ya pampu huishia katika kuyabana, wala nozeli haifunguki.

Kujua kuzima kabla ya kuwasha

Injini ya dizeli haina cheche. Hujiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Kwa hiyo kuondoa ufunguo huenda kusiizime. Ikiwa pampu imekwama kwa kutu, injini huweza kukimbia kasi isiyo na mpaka hata ijivunje. Basi mtu mmoja asimame tayari na ubao mpana wa kuziba mlango wa hewa. Asizibe kwa mkono.

Kwanza stata iizungushe injini bila dizeli, mpaka saa ya oili ionyeshe nguvu. Ndipo dizeli ifunguliwe. Ikiwaka, na saa hiyo isipopanda kwa muda wa sekunde kumi, izimwe mara moja. Moshi mweupe mwanzoni si ajabu, mradi uishe injini ipatapo joto. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua.

Hatari iliyo katika mipira

Mkono na ndoo vijaribiwe polepole, watu wakiwa mbali. Mafuta ya haidroliki husukumwa kwa nguvu kubwa, nayo yakitoka katika tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi. Pavujapo pasitafutwe kwa kidole, bali kwa kipande cha karatasi ngumu. Aliyechomwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi; wengi wamekatwa kidole au mkono kwa kungoja mpaka asubuhi.

Mwisho kabisa ni breki. Mashine iliyolala miaka mingi isiendeshwe hata hatua chache kabla breki zake hazijajaribiwa mahali tambarare. Furaha ya kusikia injini ikinguruma huwasahaulisha wengi jambo hili, na chuma kizito kikishaanza kuteremka mlima hakisikii sauti ya mwenyewe.