Pesa ya Pamba: Plau, Mkokoteni au Pikipiki?

Somo la 12

Ndugu mwanakisomo, msimu wa pamba unapofunguliwa, fedha huingia Choma kwa mkupuo. Mkulima aliyekaa miezi mingi bila shilingi mfukoni, siku moja anarudi nyumbani na noti. Wauzaji wa vitu nao wanajua siku hiyo. Redio zinalia, nguo zimetandikwa, pikipiki zinang'aa juani. Katika somo hili tutazungumza juu ya zana za shamba na vyombo vya kubebea mizigo. Tutaona pia jinsi chombo kizuri kinavyoweza kumfilisi mwenye chombo.

Wazee wetu walijua thamani ya zana. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba katika wilaya yetu ya Igunga kinaitwa Igembensabo, maana yake jembe ni mali. Zamani jembe la chuma lilikuwa mali kweli. Lilitumika kama fedha, na watu walilipia mahari.

UJIRA WA WAPAGAZI

Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi walipata mali kwa mkupuo kwa njia nyingine. Walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakarudi na mizigo ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Walitembea majuma mengi, mzigo begani. Ujira wao ulikuwa nguo zaidi kuliko fedha. Wengine waliuvaa ukaisha. Wengine waliubadilisha wakapata majembe na ng'ombe, na ng'ombe wakazaa.

Pengine unauliza: kwa nini mizigo ile haikubebwa na mikokoteni? Watu walijaribu. Mwaka 1876 mmisionari mmoja, Roger Price, alitoka Saadani na ng'ombe wachache akafika nao Mpwapwa salama. Shirika lake, London Missionary Society, likafurahi. Mwaka 1877 likaleta magari ya kukokotwa na ng'ombe wengi, ili yaende mpaka Ujiji. Magari yalikuwa mazuri, na fedha ilikuwapo. Lakini njia ilipita katika mapori yenye mbung'o. Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine. Magari yakaachwa njiani, hayakufika hata Tabora. Mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi.

Magari yale hayakuwa mabovu. Wenyewe walinunua kwanza, wakaijua njia baadaye.

FEDHA INAFIKA NYUMBANI

Sasa tuseme kuna mume na mke hapa kijijini. Wana maksai wawili na plau. Pamba imeuzwa, madeni ya mbegu na dawa yamelipwa, imebaki shilingi 900,000. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Wewe uliza bei za kweli mnadani na kwa mafundi.

Mume anataka pikipiki ya mkopo. Fedha yote itakuwa malipo ya kwanza.

"Mama, nitabeba abiria," anasema. "Kila siku tutaona shilingi."

"Baba, na petroli je?" mke anauliza. "Maksai hali petroli. Na siku ambayo hakuna abiria, mwenye mkopo atangoja?"

Mume hakupenda swali hilo. Hata hivyo alichukua daftari la kisomo, wakapiga hesabu pamoja. Tuseme pikipiki inaingiza shilingi 15,000 kwa siku. Petroli ni 6,000. Inabaki 9,000. Mkopo unataka 10,000 kila siku. Kila jua likitua wamepungukiwa 1,000, na bado hawajanunua oili wala tairi. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbugani unaposhika magurudumu, abiria watakuwa wachache zaidi.

Hatusemi pikipiki ni mbaya. Kwa kijana anayekaa kando ya barabara kubwa, mwenye abiria wa kila siku, hesabu inaweza kutoka vizuri. Kwa nyumba hii haikutoka.

Mke akaeleza haja yake. Kila siku yeye na binti zake wanabeba maji kichwani, dumu moja la lita 20 kwa safari moja. Mkokoteni wa maksai unaweza kubeba madumu 20 kwa mara moja. Hizo ni kilo 400, mzigo wa wapagazi zaidi ya 12. Mkokoteni huo huo utapeleka samadi shambani, utaleta mpunga kutoka majarubani, na utasomba pamba ya majirani kwa malipo.

Fundi wa kuchomelea vyuma anautengeneza kwa ekseli ya gari kuukuu na mbao. Tuseme anataka 650,000. Itabaki 250,000. Fedha hiyo isiguswe haraka. Ni ya grisi, ya pancha, ya tairi la akiba, na ya chakula ikiwa mvua zitachelewa. Mtu akimaliza fedha yote kwa kununua chombo, pancha ya kwanza inakilaza chombo uani. Kuku wanataga humo.

Kabla ya kulipa, zungusha magurudumu kwa mkono. Yakilegea au kukwaruza, beringi zimekwisha. Tazama kama magurudumu yote mawili ni ya kipimo kimoja. Muulize fundi matairi ya namna hiyo yanapatikana wapi.

KAMA HUNA PLAU

Aliye na maksai lakini hana plau, mara nyingi aanze na plau. Inafungua shamba mapema, mvua za Novemba zinapoanza. Lakini kuna jambo ambalo wanaume wengi hulisahau. Plau inalima haraka, lakini haipalilii. Mume akilima ekari 6 badala ya 3, palizi nayo inakuwa ya ekari 6, na kwa kawaida wanaopalilia ni mama na watoto kwa jembe la mkono. Mashamba mengi yamemezwa na magugu kwa sababu hii. Kwa hiyo mkae wote nyumbani mkubaliane ekari ngapi zinawezekana, au mtafute palizi ya kukokotwa na ng'ombe mpande kwa mistari.

Tena maksai wanatakiwa kuwa na nguvu wakati ule ule ambao majani yamekwisha. Hifadhi mabua ya mahindi na majani ya mpunga tangu mavuno.

Asiye na ng'ombe kabisa anaweza kukodi kwanza msimu mmoja. Au majirani watatu wanaweza kununua mkokoteni kwa pamoja. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapofaa sana. Andikeni nani alitoa shilingi ngapi, nani anautumia siku gani, na nani analipa ukiharibika. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake. Ugomvi wa mali ya shirika huanzia hapo palipoachwa bila kuandikwa.

Na mkopo, wowote ule, usiweke kidole gumba tena. Omba karatasi uende nayo nyumbani. Soma jumla ya fedha utakayorudisha, siku za kulipa, na kitakachochukuliwa ukishindwa. Likikushinda neno moja, lilete darasani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini safari ya Price ya 1876 iliwadanganya wenzake?
2. Mkokoteni unasomba pamba ya jirani mara 4 kwa juma. Kila safari ni shilingi 8,000. Kijana anayeongoza maksai analipwa 2,000 kila safari. Je, kwa majuma 6 kitabaki kiasi gani?
3. Katika nyumba yako, fedha ya pamba ikija, ni nani hushika daftari?