Somo la afya: Usingizi mubaya unaongeza maumivu ya viungo



Kila msimu wa kulima tunasikia malalamiko yale yale: magoti yanauma usiku, usingizi unakosa, na asubuhi jembe linakuwa zito. Wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema ni uvivu ao kulogwa. Katika somo hili tutaona namna maumivu na usingizi vinafuatana, na lile tunaloweza kufanya sisi wenyewe.

Vinafuatana namna gani?

Kila mutu anajua kwamba maumivu yanaamusha. Lakini kuna upande wa pili: mutu asiyelala vizuri anasikia maumivu zaidi kesho yake, hata kama kiungo chake hakikuharibika zaidi. Tukilala vizuri, ubongo unapata nguvu ya kuzuia maumivu yasitushinde. Tukikosa usingizi, nguvu hiyo inapungua, na vitu vinavyoleta uvimbe mwilini vinaongezeka. Goti ni lile lile, bidoni ya maji ni ile ile, lakini uchungu unazidi. Usiku unaofuata unakuwa mubaya tena.

Magonjwa ya viungo hayako sawa

Kuchakaa kwa viungo kunashika sanasana magoti, nyonga, mgongo na vidole vya watu waliofanya kazi nzito miaka mingi. Asubuhi viungo ni vigumu, lakini kwa kawaida vinalegea mbele ya dakika 30.

Ugonjwa mwingine unavimbisha viungo vya mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi unaweza kupita lisaa moja. Huo unaharibu viungo. Musingojee, muende mapema kwa muganga.

Tufanye nini?

1. Tulale na kuamuka saa zile zile kila siku.
2. Kisha saa sita ya mchana tuache kahawa na chai nzito. Masaa 5 baadaye, karibu nusu ya nguvu ya kahawa ingali mwilini.
3. Kasiksi inaleta usingizi haraka, lakini inaukatakata usiku wa manane.
4. Mbele ya kulala, tuweke juu ya kiungo kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa, dakika 15, bila kuchoma ngozi. Kiungo chenye kuvimba na joto, tusikitie moto.
5. Mwenye kulala upande aweke kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti.
6. Mchana tutembee kidogo kidogo. Kiungo kisichotembea kinakauka.

Tuchunge dawa za sokoni

Deksametazoni inatuliza haraka, lakini inaweza kufukuza usingizi. Ikinywewa siku nyingi inapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mwenye ameizoea asiiache ghafula. Aonane kwanza na muganga. Diklofenaki nayo inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza mafigo.

Siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya

- Kiungo kimoja kimevimba ghafula, kina joto, na mutu ana homa.
- Mtoto anavimba viungo majuma machache kisha kuumwa koo. Ugonjwa huo unaweza kuharibu moyo.

Maumivu ya mgongo yasiyoisha, pamoja na homa na kukonda, nayo yapimwe bila kukawia: kifua kikuu kinaweza kushika mgongo.

Kazi ya kamati

Asubuhi, mwenye viungo vigumu aanze na kuchagua kahawa ao maharagwe, akisimama kila mara kujinyoosha. Jembe alishike viungo vikiisha kulegea. Huo si upendeleo. Akilazimishwa alfajiri, anaweza kukosa kesho yake, na kikundi kinapoteza mikono yake.

Tuzungumze katika kikundi

- Ni nani kati yetu anaamushwa na maumivu? Saa ngapi?
- Ni kazi gani tunaweza kubadilishana asubuhi?
- Ni zoezi gani moja tutajaribu majuma mawili, kisha tuelezane matokeo?