SOMO LA WANACHAMA: WIMBO NAO UNA MZANI WAKE



Somo letu la leo linahusu mali isiyopimwa kwa kilo wala kwa debe, yaani kazi ya msanii. Huenda ukauliza wimbo una uhusiano gani na ushirika. Uhusiano upo, na mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa atautambua upesi.

1. Mali ya jasho

Tuchukue mfano. Manju mmoja wa Mkolani ametunga wimbo mpya wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, akauimba arusini. Kijana aliyekuwapo anaurekodi kwa simu na kuuweka katika mtandao wa YouTube kwa jina lake mwenyewe. Haupiti muda mrefu wimbo unasikika ndani ya mabasi yaendayo Shinyanga, na vibanda vinaupakia kwenye simu za wateja kwa malipo. Kila mkono ulioupitisha wimbo umepata chochote, isipokuwa mkono wa mtunzi.

2. Sheria inasemaje

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hii, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sanaa za jadi nazo zimewekewa sehemu yake. Hivyo basi, bugobogobo yenyewe ni urithi wa jamii nzima, lakini wimbo mpya alioutunga manju ni wake.

Mahakama zimekwisha kuombwa kuilinda haki hiyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa ushindi wanamuziki MwanaFA na A.Y., ambao nyimbo zao zilitumiwa kama miito ya simu bila idhini yao. Fidia iliyotajwa ilizidi shilingi bilioni 2, na kampuni iliyoshtakiwa ikakata rufaa. Lakini manju wa kijijini atatoa wapi nauli na wakili wa kuendesha shauri la namna hiyo kwa miaka kadhaa?

3. Fundisho la mzani

Wazee wetu walijibu swali kama hilo. Kabla ya ushirika, mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyeshika mzani. Mkulima hakuwa na njia ya kubisha. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walianza kwa kudai upimaji wa haki. Baadaye waliunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria. Ukombozi wa mkulima ulianzia kwenye mzani.

Msanii wa leo yumo katika hali ile ile. Mzani wake ni hesabu ya mara ngapi wimbo umepigwa, wapi, na nani amelipwa. Hesabu hiyo imo mikononi mwa redio, makampuni ya simu na mitandao ya ng'ambo. Sheria ikitaja haki bila kumpa mwenye mali njia ya kuona hesabu, inampa gunia lisilo na kitako.

4. Marekebisho na upungufu wake

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa. COSOTA ikawa ofisi ya kusimamia hakimiliki, na mlango ukafunguliwa kwa vyombo vya wenye kazi wenyewe kukusanya na kugawa mirabaha. Hatua hiyo ni ya kiushirika. Hata hivyo, mambo matatu yangali yanahitaji kutiliwa nguvu: kila mtumiaji wa muziki kwa biashara atoe orodha ya nyimbo alizopiga, nyimbo za lugha za makabila zihesabiwe sawa na nyingine, na mashauri madogo yasikilizwe karibu na mlalamikaji.

Aidha, tusijidanganye. Sisi wanaushirika tunajua kwamba chama kisichosoma hesabu zake mbele ya wanachama hugeuka kuwa mlanguzi mwingine. Chombo cha wasanii nacho kikaguliwe, na mgawo wake usomwe hadharani.

5. Wajibu wa chama cha msingi

Chama kimshauri mwanachama aliye mtunzi aandike maneno ya wimbo wake na tarehe ya kuutunga, asajili kazi yake COSOTA ili apate ushahidi, na asitie sahihi mkataba wa studio asiousoma. Chama chenyewe kikialika kikundi cha ngoma mkutanoni na kurekodi, kiombe idhini na kulipa. Anayedai mzani wa haki hana budi kuutumia kwa jirani yake.

Maswali ya kujadili

(a) Je, katika chama chenu wamo watunzi? Nani hufaidika na kazi zao?
(b) Ni nani anayefaa kushika mzani wa wimbo, na nani amkague?