SOMO LA IJUMAA: TELEFONE MPYA YENYE MIKWARUZO, JE, IRUDISHWE?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, somo la leo ni la sokoni. Tuchukue mfano wa kijana mchimbaji wa hapa Kolwezi. Ameweka akiba miezi mingi hata akapata dola 150, akaenda dukani kununua telefone mpya. Akalipa, akapewa kasha, akaenda zake. Usiku, chini ya taa, anaona mikwaruzo mitatu midogo mgongoni na mmoja kwenye ukingo wa kioo. Telefone inaita, inapiga picha, betri inashika chaji. Je, ana haki ya kuirudisha? Na kwenye faktire pameandikwa kwa Kifaransa kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

1. KASORO NI NINI?

Wanazuoni wameliweka jambo hili katika mlango wa khiyarul-ayb, yaani hiyari ya mnunuzi anapokuta kasoro. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, kasoro ni kitu kinachopunguza bei ya bidhaa, au kinachoipunguza bidhaa yenyewe hata lengo la mnunuzi likakosekana, nayo bidhaa ya aina hiyo kwa kawaida huwa imesalimika nacho. Basi mizani ni desturi ya wafanyabiashara, si hasira ya mnunuzi wala kicheko cha muuzaji.

Mfano tunao mikononi. Noti ya dola ikichanika kidogo tu pembeni, hapa kwetu nani anaipokea? Mwenye duka anaikataa, na mbadilishaji pesa wa barabarani anaikataa au anaipunguzia thamani. Noti ya franka iliyochakaa inapokelewa. Karatasi zote mbili ni pesa, lakini desturi imefanya mchaniko ule kuwa kasoro kwenye dola. Sasa muuzaji anayeinua dola yako juani kutafuta mchaniko usiozidi ukucha, atasemaje kwamba mkwaruzo kwenye telefone mpya si kitu? Ukitaka kujua hukumu, waulize wafanyabiashara wawili waaminifu: telefone hii kama ilivyo, mngeinunua kwa bei ya mpya? Wakisema hapana, hiyo ni kasoro. Wakisema alama kama hii hakuna anayeijali, basi si kasoro, na kijana hana dai.

2. NENO "MPYA"

Mkwaruzo unaweza kuwa mdogo lakini ukatoa ushahidi mkubwa, kwamba telefone imekwisha kutumiwa na mtu, ikasafishwa na kurudishwa kashani. Hapo shida si mkwaruzo tena. Kijana alinunua sifa ya upya, na sifa hiyo haipo. Sifa iliyoshurutishwa ikikosekana, mnunuzi ana hiyari ya kuvunja mauzo hata kama telefone inafanya kazi vizuri.

Kuuza telefone iliyotumika si haramu. Haramu ni kuiuza kwa jina la mpya.

3. MNUNUZI AFANYE NINI?

(a) Aikague telefone kabla ya kutoka dukani. Kwa Shafii na Hanbali, muuzaji na mnunuzi wana hiyari maadamu hawajaachana. Hanafi na Maliki hawakuichukua hiyari hii ya kikao.

(b) Akiiona kasoro baadaye, arudi upesi. Kwa Shafii haki hii ni ya papo hapo. Usiku, sala au chakula ni udhuru, lakini kukaa siku nne huku anapiga simu na kutia nyimbo ni kuonyesha kwamba ameridhika, na haki yake imeanguka.

(c) Kwa Shafii, anachagua kurudisha au kubaki nayo kwa bei ile ile. Hamlazimishi muuzaji kupunguza. Kwa Hanbali, anaweza kubaki nayo na kudai arshi, yaani tofauti ya thamani.

(d) Telefone ikimwanguka na kupata kasoro mpya, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea. Na wakibishana kama mkwaruzo ni wa dukani au wa mfukoni, na yote mawili yanawezekana, neno ni la muuzaji pamoja na kiapo chake. Hii ndiyo faida ya kukagua mapema, mbele ya watu.

4. MUUZAJI AFANYE NINI?

Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Tazameni: yule mtu hakuimwagia maji nafaka yake. Kosa lake lilikuwa kuficha.

Inasimuliwa pia kwamba Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, alimpa mshirika wake nguo yenye kasoro na kumwagiza aibainishe. Mshirika akasahau, akaiuza. Imam akaitoa sadaka pesa yote ya mauzo yale.

Ama maandishi ya kwenye faktire, kwa Shafii hayamwokoi mwenye duka. Sharti la kujitoa katika kasoro zote halifai, isipokuwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua. Na sheria ya nchi yetu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, inampa mnunuzi aliyekuta kasoro kubwa iliyojificha uchaguzi wa kurudisha au kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini kasoro ya wazi ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, haimo. Mkwaruzo ni kitu cha kuonekana. Basi fungua kasha dukani!

5. KIJANA AJIULIZE

Pengine mikwaruzo aliiona siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya nne rafiki akamwambia kwamba duka la jirani wanauza dola 130. Ndipo mikwaruzo ikawa mikubwa! Huyu harudishi kasoro, anarudisha majuto. Aende aseme ukweli: "Mzee, nimejuta, nisaidie." Muuzaji halazimiki, lakini akikubali kuvunja mauzo, hiyo ni iqala, na imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu humsamehe makosa yake mwenye kumfanyia hivyo Muislamu mwenzake.

Ndugu zangu, mji wetu unatoa kobalti inayoingia katika betri za telefone za dunia nzima. Wachimbaji wetu wanalalamika kila siku kwamba kwenye depo mizani inapunguzwa, na kipimo cha ubora wa mawe kinasomwa chini. Malalamiko hayo tusiyatie doa kwa kumfanyia mwenye duka yale tunayofanyiwa. Naye mwenye duka asimfanyie mchimbaji mara ya pili yale aliyofanyiwa depo.

Basi kijana wetu, kama ameiona usiku na wenye ujuzi wanaiita kasoro, airudishe asubuhi bila haya: ni haki yake. Kama ameridhika, abaki nayo, wala asimseme muuzaji mitaani.

Mwenyezi Mungu atubariki katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)