Skrubu Nne za Mota: Pima Kabla ya Kukaza



Siku hizi droni si kitu cha ajabu tena. Ni chombo kinachoruka bila rubani, mtu husimama chini akakiongoza kwa rimoti. Kule Zanzibar, mwaka 2016, droni zilianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ajili ya kuchora ramani. Nchini Rwanda, tangu mwaka huo huo, droni hupeleka damu hospitalini. Na zile ndogo za mapanga manne tunaziona harusini, zikipiga picha juu ya vichwa vya watu.

Leo tuzungumze juu ya hizo ndogo. Vijana wengi wamezinunua kwa kujifurahisha, na wengine wanapata riziki kwazo. Zikianguka huzitengeneza wenyewe. Hilo ni jambo jema. Lakini ipo kazi moja inayoonekana rahisi, kumbe ina hatari yake. Kazi hiyo ni kufunga skrubu za mota.

Mota imekaaje?

Droni ina mikono minne. Kwenye ncha ya kila mkono ipo mota, na juu ya mota lipo panga. Mota nyingi hushikwa na skrubu nne zinazoingia kutokea chini. Skrubu inapita kwanza kwenye mkono, halafu inaingia kwenye kitako cha mota. Juu kidogo ya kitako hicho kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Waya huo ndio unaopitisha umeme.

Mota ya droni ndogo inaweza kuzunguka mara zaidi ya 20,000 kwa dakika moja. Hiyo ni zaidi ya mara 300 kwa sekunde. Basi mtikisiko wake si mchezo. Mwenye baiskeli anajua jinsi nati zinavyolegea akipita barabara ya mawe kila siku. Kwa droni, kila safari ni barabara ya mawe.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni skrubu kulegea. Mota inaanza kucheza, panga linainama, na mwishowe mota inang'oka hewani. Droni inaanguka, huku mapanga mengine bado yanazunguka. Panga hilo hukata kidole, na jicho huliharibu kabisa.

Hatari ya pili wengi hawaijui. Ni skrubu kuwa ndefu mno. Mtu anaogopa ile hatari ya kwanza, anatafuta skrubu ndefu ili ishike vizuri. Skrubu inapita kitako, inagusa ule waya wa shaba na kukwangua rangi inayoukinga. Hapo inatokea shoti. Mota inaungua, na hata betri inaweza kushika moto.

Ubaya wake ni kwamba shoti haitokei lazima siku hiyo hiyo. Skrubu ikigusa waya kidogo tu, droni inaweza kuruka vizuri leo na kesho. Mtikisiko unaendelea kukwangua polepole. Halafu siku ya tatu, iko juu ya watu, inazimika. Mwenyewe anasema, "Mbona jana ilikuwa nzima?" Haikuwa nzima, bwana. Skrubu ilikuwa inakula waya.

Mkono mpya, pima upya

Kosa hili hutokea zaidi baada ya kubadili mkono uliovunjika. Tuchukue mfano. Mkono wa zamani una unene wa milimita 6. Skrubu ina urefu wa milimita 8, ukipima kutoka chini ya kichwa mpaka nchani. Tufanye hesabu:

8 toa 6 ni 2.

Kwa hiyo milimita 2 za skrubu zinaingia kwenye mota. Ni sawa. Sasa mkono mpya ni mwembamba, una milimita 4 tu. Skrubu ni ile ile:

8 toa 4 ni 4.

Sasa zinaingia milimita 4. Kwa mota nyingi ndogo hizo ni nyingi mno, zinaweza kufika kwenye waya. Skrubu haikubadilika, mkono ndio uliobadilika.

Ipo njia rahisi ya kupima. Kabla ya kuweka mota, pitisha skrubu kwenye tundu la mkono mpaka kichwa kikae. Tazama inachomoza kiasi gani upande wa pili, upime kwa rula. Kwa skrubu yenye upana wa milimita 3, ambayo hutumika sana kwenye droni hizi, ichomoze milimita 2 hadi 3. Ikizidi, tafuta fupi. Ikipungua 2, haina meno ya kutosha kushika, tafuta ndefu kidogo. Kama mota ilikuja na karatasi ya maelezo, fuata kipimo cha karatasi hiyo.

Hatua za kufuata

1. Chomoa betri. Vua mapanga yote manne. Usifanye kazi hii betri ikiwa imechomekwa, hata kwa dakika moja.

2. Chora droni kwenye karatasi. Kila skrubu unayotoa iweke mahali pake juu ya mchoro. Skrubu zinafanana kwa macho, lakini urefu unaweza kutofautiana.

3. Pima kama tulivyoeleza.

4. Safisha meno ya skrubu kwa mswaki mkavu. Kama mkono ni wa chuma au wa nyuzi za kaboni, tia tone dogo la gundi ya skrubu kwenye meno, karibu na ncha. Tumia ile ya buluu, kwa sababu inafunguka kwa spana. Nyekundu hutaka moto ili ifunguke, na moto unaharibu mota. Usimimine gundi kwenye tundu la mota, itaingia ndani. Na kama mkono ni wa plastiki, usitie gundi hii kabisa, maana plastiki nyingi hupasuka.

5. Anza skrubu zote nne kwa vidole. Ikikataa, usilazimishe. Itoe, inyooshe, anza tena.

6. Kaza kwa msalaba: ya kwanza, halafu ile inayotazamana nayo, ndipo zile mbili nyingine. Kaza kidogo kidogo kwa kuzunguka zote.

7. Shika spana kwa vidole, siyo kwa ngumi. Skrubu ni ya chuma, kitako cha mota ni alumini. Chuma ni kigumu, alumini ni laini. Ukilazimisha, meno yanakatika, na mota hiyo haitashika tena.

Hakikisha kabla ya kurusha

Zungusha mota kwa mkono. Izunguke laini, isikwaruze. Kama una mita ya kupimia umeme, iweke kwenye alama ya mlio. Betri iwe bado nje. Ncha moja gusa kichwa cha skrubu, ncha ya pili gusa nyaya tatu za mota, mmoja mmoja. Ikilia, skrubu imegusa waya. Fungua, usijaribu kurusha. Kama huna mita, mpelekee fundi wa redio au wa simu, yeye anayo.

Gundi iache saa 24 ikauke. Halafu chomeka betri, mapanga yakiwa bado nje, na uiwashe taratibu nje ya nyumba, mbali na makuti na nyasi. Mota moja ikipata moto kuliko wenzake, zima mara moja. Betri ikianza kuvimba au kutoa moshi, ondoka karibu nayo na usiuvute moshi huo.

Mambo yakiwa sawa, rudisha mapanga. Rusha mara ya kwanza chini chini, uwanjani, watoto wakiwa mbali. Kisha kagua skrubu tena. Na kwa wasomaji wetu wa Tanzania, kumbukeni kwamba droni inatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wenzetu wengine husema, "Skrubu ni kitu kidogo, kaza tu twende." Ni kidogo kweli. Lakini watu wanaocheza ngoma chini ya droni hawaioni skrubu hiyo. Wamekuamini wewe uliyeifunga.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini skrubu ndefu mno ni hatari, hata kama imekaza vizuri?
2. Mkono una milimita 5, skrubu ina milimita 8. Zinaingia ngapi kwenye mota? Je, ni sawa?
3. Kwa nini hatutii gundi ya skrubu kwenye mkono wa plastiki?
4. Taja mashine nyingine kijijini kwenu ambayo mtikisiko hulegeza nati zake. Nani huikagua, na kila baada ya muda gani?