Unaendesha Biashara Peke Yako? Tafuta Kwanza wa Kumwachia Ufunguo

Muulize mtu anayeendesha biashara peke yake anahitaji msaada gani, atakujibu mtaji. Mimi huongeza swali jingine: ukilazwa kesho, wiki nzima, nani atafungua? Wengi hawana jibu. Basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kwenda kuomba mkopo popote.

Tumchukue mtu anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani kwake Morogoro. Yeye ndiye anayechagua karanga sokoni, anakaanga, anasaga, anajaza chupa, anasambaza madukani, anadai, anapokea simu, na usiku ndiye anayeandika hesabu kama usingizi haujamwahi. Mtu huyu akisema tu "nisaidieni", hakuna atakayejua ashike wapi. Anahitaji watu wachache, kila mmoja kwa jambo lake, na wengi wao hawatoi hata shilingi.

Wa kumwachia ufunguo anatafutwa ukiwa mzima. Chukua daftari uandike yote ambayo ni wewe tu unayeyajua: karanga unanunua kwa nani na kwa bei gani, chumvi kiasi gani kwa kila kilo 10, karanga zinaepuliwa zikiwa na rangi ipi, duka lipi linalipa papo hapo na lipi mwisho wa mwezi, nani anadaiwa na tangu lini. Kazi hii inachosha, na inaweza kukuchukua jioni kadhaa. Ifanye hivyo hivyo, maana bila daftari hilo msaidizi wako atakupigia simu kila baada ya dakika kumi, nawe utakuwa umelazwa huku bado uko kazini.

Si lazima awe ndugu. Ndugu unamwamini, lakini kumkosoa ni kazi, na kumwachisha ni kazi zaidi, kwa sababu shangazi na wajomba wote wataingia kwenye kesi. Jirani mwenye nafasi mchana, kijana aliyemaliza VETA anayetafuta kibarua, au mama mnayesali pamoja anaweza kufaa zaidi. Mkubaliane malipo ya siku mapema, umlipe siku hiyo hiyo. Kisha mpe siku moja aendeshe kila kitu ukiwepo, wewe ukae pembeni usiguse kitu. Atakapokwama, andika: hicho ndicho ulichosahau kukitia kwenye daftari. Wateja walipe kwa lipa namba ya biashara, si kwenye laini yako binafsi, ili pesa iingie bila msaidizi kujua namba yako ya siri. Namba hiyo usimpe mtu yeyote, hata mwanao.

Anayefuata ni wa kukukagulia hesabu. Watu hudhani hesabu ni anasa ya wenye makampuni, na naona uchungu kila ninaposikia hivyo, kwa sababu wadogo ndio wanaoumia. Angalia jedwali la kodi lililowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo binafsi. Mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Tofauti ya shilingi 70,000 ililetwa na daftari tu. Sheria ya fedha hupitishwa kila mwaka, kwa hiyo ulizia TRA viwango vya mwaka huu. Tafuta mtu aliyesomea uhasibu, hata mwanafunzi wa chuo, umlipe apitie vitabu vyako mara moja kwa mwezi. Mwombe akueleze chupa moja inakugharimu kiasi gani ukihesabu mkaa, nauli na siku yako ya kazi. Wengi wanaouza sana bila kubaki na kitu hugundua hapo kwamba hawajawahi kujilipa.

Kisha wenzako wa fani. Mtu anayetengeneza siagi ya karanga Dodoma hagombanii wateja nawe, na matatizo yake ni yale yale yako. Usimwendee kwa maombi makubwa ya kukulea kibiashara, maana atakwepa. Muulize jambo analoweza kulijibu kwa dakika mbili: chupa zenye mfuniko usiovuja anapata wapi? Mashine yake ya kusaga ilikaa muda gani kabla kisu hakijabadilishwa? Mkishazoeana, agizeni chupa pamoja kutoka Kariakoo na mgawane gharama ya kusafirisha, kwa sababu bei ya jumla mtu mmoja haifikii. Nawe uwe na cha kumpa: mteja uliyeshindwa kumhudumia, au taarifa ya bei ya karanga kwenu.

Kuna mambo ambayo wenzako hawatoshi. Karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, sumu isiyoisha kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hapo unahitaji mtaalamu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya 1973, lina ofisi mikoani na hufundisha usindikaji wa vyakula. Ndilo pia linalompa mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho anapotafuta alama ya ubora ya TBS. Nenda na chupa yako mkononi na swali lililoandikwa. Afisa akiona bidhaa ataongea kuhusu bidhaa, na ukienda mikono mitupu utaondoka na kipeperushi.

Sasa fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa kawaida hupewa vikundi, na hapo ndipo mtu wa peke yake hushawishika kukusanya majina ya marafiki, kikundi kikawa cha karatasi, pesa akachukua mmoja. Usifanye hivyo. Deni ni la wote waliosaini, na urafiki huvunjika kabla ya marejesho ya tatu. Anza na kikoba cha watu unaowaona kila wiki, kilichosajiliwa, weka hisa kwa miezi, umjue nani huleta kwa wakati na nani huleta visingizio. Kikundi cha kuombea mkopo wa halmashauri kitokane na watu hao.

Mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu iepuke kabisa. Hata mkopo halali upime kwa mzunguko wako: kama maduka yanakulipa mwisho wa mwezi, marejesho ya kila wiki yatakulazimisha kukopa pengine ili ulipe. Omba marejesho ya mwezi, na ukikataliwa, ondoka.

Nyumbani mwambie mwenzi wako, au dada, hali ilivyo kwa tarakimu, wiki mbaya zikiwemo. Mtu anayeficha hasara hubaki nayo peke yake usiku, na maamuzi ya usiku huo huwa mabovu.

Huenda mmoja wa hawa wanaokusaidia, hasa yule wa ufunguo, siku moja akasema anataka kuwa mshirika. Usimkubalie kwa sababu ya kumshukuru tu. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA halikutenganishi na madeni ya biashara, na mkishakuwa wabia, deni aliloingia mwenzako kwa ajili ya biashara linaweza kukufuata hadi kwenye mali yako. Mwongezee malipo kwanza, au mpe sehemu ya faida ya kila mwezi kwa maandishi, bila umiliki. Mkipita msimu mmoja wa karanga adimu na bei kupanda, na bado anataka kuingia kwa fedha yake na si kwa maneno, nendeni pamoja kwa mwanasheria mwandikishane nani anaweka nini, nani anasaini nini, na mmoja akitoka analipwa vipi.